Mtu Aliyesimama Nyuma ya Ngamia

Soko la mifugo la Garissa limeshajaa vumbi, na jua la saa tatu halina huruma. Abdisamad Olow anachuchumaa kando ya ngamia na kuelekeza kamera pajani, palipo na chapa ya ukoo.

Uso wa ngamia hapigi kamwe, maana wenye mifugo wanaogopa kijicho. Wanunuzi wa mbali hutumiwa picha ya chapa, naye hupata riziki ya siku.

"Macho yangu huwa kwenye chapa tu," anasema. "Kilicho nyuma sikioni."

Hilo ndilo lililomponza. Mwezi wa Rajabu, mfugaji kutoka Diff, Ugbad Yarrow, alichungulia kioo cha kamera akaishika kwa mikono miwili. Nyuma ya ngamia, penye ua wa miiba, alisimama kijana mwenye shati la buluu.

"Huyo ni Gabow, mtoto yangu," alisema.

Gabow alitoweka njia ya Liboi miaka saba iliyopita, amevaa shati hilohilo. Pichani hakuwa amezeeka hata kidogo.

Wakageuka. Penye ua hapakuwa na mtu, lakini ngamia wote walikuwa wameelekeza shingo huko, kimya.

Kabla Abdisamad hajaituma picha popote, wanaume wawili waliovaa kiraia wakamzingira. Hawakujitambulisha.

"Nani amekuruhusu kupiga picha hapa? Futa!"

Alijua kwamba soko ni mahali pa umma, na kwamba hawakuwa na amri ya mahakama. Lakini woga ulimshinda, akafuta.

"Wallahi najuta," anasema. "Nilimpotezea mama wa watu mwanawe mara ya pili."

Ugbad hakumlaumu. Kila siku ya soko huja, humshika mkono na kumpeleka penye ua.

"Biga tena, kijana."

"Sawa, eeddo," humjibu, akimwita shangazi. Anachotaka sasa ni kimoja tu: mama huyu arudi Diff na picha ya mwanawe mkononi.

Leo anapiga, kisha anaikuza picha. Penye ua hakuna mtu. Ila mchangani kimelala kivuli kirefu cha mtu, na hakuna aliyesimama mbele yake. Ugbad anakigusa kiooni kwa kidole, machozi yanamtoka.

"Wewe! Umepiga nini hapo? Futa!"

Sauti ni ileile. Abdisamad anauvaa mkanda wa kamera shingoni.

"Hapa ni sokoni, ndugu yangu," anasema. "Hii sifuti."