Wakifukuzana, Toa

Wanafunzi walimwita Mwalimu Toa, naye alijua, ila alijifanya hajui. Miaka ishirini na sita alikuwa amesimama mbele ya darasa la saba, chaki imemjaa hadi kwenye nyusi, akirudia yale yale: "Wakikutana, jumlisha! Wakifukuzana, toa!" Magari aliyoyakimbiza ubaoni hayana idadi. La kweli hakuwahi kulifukuza hata moja, mpaka Jumamosi aliyoolewa mdogo wake.

Huyo mdogo alimlea mwenyewe tangu mama yao alipofariki, binti akiwa na miaka sita. Sasa anakwenda kuolewa ng'ambo ya mto, na dada mtu kagoma kwenda. Kisingizio kilikuwa mitihani ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba aliogopa kulia mbele za watu, na kilio chake si cha mchezo, majirani hutoka nje. Basi likaondoka na bibi harusi saa mbili asubuhi, Mwalimu akabaki na rundo la karatasi na kifurushi cha fundi cherehani chenye mapazia mapya ya ofisi ya walimu.

Saa mbili na robo akakifungua. Pazia hakuna. Lilikuwemo gauni jeupe la mikono ya lesi. Fundi alifunga vifurushi viwili kwa karatasi ya aina moja, na cha mapazia ndicho kilichopanda basi.

Akampigia mdogo wake. Simu ikaita chini ya mto wa kochi. Akampigia shangazi, basi zima linaimba, nani asikie? Kivuko cha asubuhi kikishavuka, kingine ni jioni, na ndoa ni saa nane mchana. Bibi harusi angefunga ndoa na mapazia!

Akatoka mbio, gauni kifuani, mguu mmoja kandambili, mwingine kiatu. Nje ya geti muuza mayai, mwanafunzi wake wa zamani, alikuwa akiwasha pikapu.

"Basi linakwenda hamsini kwa saa," Mwalimu alimwambia akihema. "Dereva wake hazidishi hata umpigie magoti. Tukiondoka saa mbili na nusu, litakuwa mbele kilomita ishirini na tano. Wewe unakwenda ngapi?"

"Na mayai haya? Sitini, Mwalimu. Sitini na hamsini, mia na kumi... Ah, kumbe karibu! Robo saa haifiki tunao!"

Mwalimu akashika kichwa. "Umejumlisha! Kwani hilo basi linakuja kwako? Toa! Toa, nakwambia!"

"Ndiyo, Mwalimu!" Akaruka nyuma ya pikapu, akaanza kushusha trei za mayai.

Mwalimu alitaka kumwambia kwamba cha kutoa ni hamsini, si mayai. Kisha akapiga hesabu kichwani. Sitini kutoa hamsini ni kumi; wangehitaji muda wa saa mbili na nusu, na kivuko kiko kilomita themanini tu.

"Gari lako likiwa tupu linakwenda ngapi?"

"Sabini na tano bila wasiwasi."

Tofauti ishirini na tano. Saa moja kamili. Wangelipata basi kwenye kilomita ya sabini na tano, tano zikibaki! Mwalimu akadaka trei naye, mayai sita yakamwishia kwenye sketi, na saa mbili na nusu kamili wakaondoka.

Dakika ishirini baadaye ng'ombe wakajaa barabarani. Hawakuwa na haraka yoyote. Mmoja alisimama katikati akamkodolea macho Mwalimu, na zikapotea dakika nne nzima.

"Sasa tumekwisha," muuza mayai alisema.

"Hatujaisha, tunahesabu." Mwalimu aliandika kwa kalamu nyekundu kiganjani. "Liko mbele kilomita ishirini. Kwa sabini na tano litatutangulia mtoni, na kivuko hakingoji. Kanyaga themanini! Tofauti thelathini, dakika arobaini, tunawapata kabla ya mto!"

Pikapu ikalia, vioo vikatetemeka, na Mwalimu Toa akaanza kucheka peke yake. Alikuwa na raha ajabu. Hesabu ilikuwa na upepo, kumbe, na vumbi, na harufu ya mayai mabichi. Kisogo cha basi kilipoonekana alipiga dashibodi kwa viganja vyote viwili, na kwenye dakika ya thelathini na tisa walikuwa ubavuni, yeye katoa nusu ya mwili dirishani akipunga lesi.

Basi liliposimama pale kivukoni, mdogo wake alishuka wa kwanza.

"Fundi kachanganya vifurushi!" Mwalimu alipaza sauti.

"Hakuchanganya, dada. Nilivibadilisha mimi."

"Wewe? Na simu je?"

"Niliiacha makusudi. Ungesikia sauti yangu ungempa mtu gauni alilete, wewe ukabaki na mitihani yako."

"Na kama ningechelewa, mwendawazimu wewe?"

"Kivuko kingeondoka na shangazi. Mimi ningekaa hapa ukingoni, juu ya mapazia yako, mpaka uje. Siolewi bila wewe."

Mwalimu alifungua mdomo amkaripie. Kikatoka kilio, chote, mbele ya basi zima, na mdogo wake akamkumbatia wakalia na kucheka kwa pamoja, mpaka mkata tiketi wa kivuko akauliza kama wanavuka au hawavuki.

"Tunavuka," alisema Mwalimu, akapanda na sketi yake ya mayai.