Yangeyange, Nidondoshee Nyeupe Moja

Jana nilikuwa nikimenya ndizi mbichi, utomvu ukanigandia vidoleni, na harufu yake ikanirudisha kwenye benchi moja la mbao, katika bustani ya mji wa Kisii, nikiwa na miaka minane.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Baridi yetu unaijua: ukungu unakaa mpaka saa nne, kama mgeni aliyesahau kuaga. Mama alikuwa amesafiri kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumbani, akaniacha Nyamira kwa mdogo wake, mama mdogo Kemunto, aliyeuza ndizi Kisii, ng'ambo ya barabara kutoka bustani hiyo. Kila asubuhi aliniketisha pale anaponiona.

"Usiongee na watu, Moraa. Ongea na ndege."

Nami, mtoto mtiifu, nikaongea nao. Kulikuwa na kunguru wagomvi, na korongo mmoja mwenye upara aliyetembea kama mzee wa kanisa akitafuta nani anasinzia. Lakini niliyemngoja ni yangeyange, yule ndege mweupe. Sisi watoto tuliamini kwamba ukimtikisia vidole akipita, anakudondoshea alama nyeupe kwenye kucha, na alama hiyo ni kitu kinachokujia. Wenzangu waliomba viatu. Mimi niliomba mama.

Siku hiyo yangeyange walitokea kwenye ukungu, weupe, kimya. Nikapanda juu ya benchi, nikatikisa vidole.

"Yangeyange, nidondoshee nyeupe moja!"

Mpiga picha wa bustanini akacheka. "We mtoto, unakausha mikono?"

Sikumjali. Nilitazama kucha zangu. Zilikuwa nyeusi tititi kwa utomvu, maana asubuhi nilikuwa nimesaidia kupanga mikungu. Hata kama nyeupe ingekuja, ingekaa wapi? Nikalia kweli, nikijua mama akikosa kurudi, kosa ni langu.

Mama mdogo alivuka barabara mbio. "Nani amekugusa?"

Nikamweleza yote kwa kwikwi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Alienda kwa mama wa mandazi, akarudi na mafuta kidogo kwenye karatasi, akanisugua kucha moja moja kwa pindo la leso yake.

"Utomvu hauogopi maji," alisema. "Unaogopa mafuta."

Ndege walipozunguka tena, tulisimama wote wawili. Nikatikisa vidole vyangu vinavyong'aa. Kando yangu mama mdogo akainua vyake, akavitikisa kuliko mimi.

"Mama mdogo, zako bado chafu!"

"Yaya, hapana, zangu ziache. Omba wewe."

Nikafurahi kwamba ananisaidia. Watu wawili wakiomba, niliwaza, ndege watasikia vizuri.

Mama alirudi baada ya Agosti mbili nyingine. Nilimrukia shingoni, nikakataa kushuka, nikamlilia mpaka blauzi yake ikalowa. Wakati huo wote mama mdogo alisimama mlangoni akifuta mikono yake mikavu kwenye leso. Nilidhani anaona haya tu.

Jana, na ndizi yangu mkononi, ndipo nilipokumbuka kwamba hao wawili walilala kitanda kimoja tangu wakiwa wadogo mpaka mama alipoolewa. Mama yangu alikuwa dada yake. Pale mlangoni, mama mdogo alikuwa akingoja zamu yake.