Maua ya Buluu Mpakani

Dada yangu alizikwa ukingoni mwa boma kwa sababu hakuwa ameolewa. Kijijini kwetu Manga ndivyo ilivyo: msichana aliyefia kwa baba yake hulazwa mpakani, kama mgeni aliyechelewa kuondoka, wala hawekewi simiti wala msalaba. Mila hiyo naichukia hadi leo na sioni haya kusema.

Alikuwa akifanya kazi katika shamba la maua Naivasha. Krismasi yake ya mwisho alimletea mama mbegu za ua la buluu. Alikuwa amesikia kazini kwamba huko Ulaya watu hulivaa kuwakumbuka askari wao waliokufa vitani. Mama alicheka. "Si ungeniletea mbegu za sukuma wiki?"

Mwaka uliofuata homa ya mapafu ilimchukua dada, na mama akazimwaga mbegu zote juu ya kaburi.

Zilishika. Zilitoa buluu kali, ya sweta ya shule, kando ya migomba. Maua hayo huishi msimu mmoja tu. Yakikauka huangusha mbegu, na mvua ikirudi huota yenyewe. Tuta lilipodidimia, ndiyo yaliyobaki kutuonyesha mahali. Kila jioni mama alipita pale akamsalimu mwanawe.

Agosti moja mama akaenda makambi ya kanisa, wiki nzima ya mahubiri. Maua yalikuwa yamebaki mabua makavu. Baba akaona magugu. Aliita vibarua, wakalima hadi mpakani, wakachoma takataka, wakapanda miche ya chai. Shamba letu ni dogo, hilo sikatai. Lakini hata mgeni hupewa jembe akiwa hai, si akiwa kaburini!

Mama alirudi na Biblia kwapani, akasimama.

"Mtoto wangu umempeleka wapi?"

"Hajaenda popote," baba akasema. "Yuko hapo, chini ya chai."

"Hapo wapi? Nionyeshe."

Baba akanyoosha kidole, akakishusha, akakinyoosha kwingine. Nilimchukia, kisha nikamhurumia, kwa maana hata yeye hakujua tena.

Mvua iliporudi, mama alipiga magoti kati ya mistari ya chai, akipekua udongo kwa vidole. Hakikuota chochote cha buluu.

Sasa ile miche imekuwa vichaka, na baba huichuma mwenyewe. Asubuhi mama humpikia chai, humjazia kikombe, kisha yeye hujimiminia maji moto matupu.