Nilimpa Baba Mkwe Dawa ya Kusugulia Choo

Kabla hamjanitukana, nakubali. Nimekosa, tena nikiwa na akili zangu timamu. Sina wa kumsingizia.

Mimi ni mume wa mtu hapa Morogoro, na tuna binti mmoja, Neema, bado yuko chekechea. Neema ana pumu. Mama yake akisugua choo na zile dawa kali za dukani, mtoto anakohoa mpaka machozi. Siku moja mke wangu akasema basi, dawa hizo hazikanyagi tena humu ndani. Akahamia kwenye siki, ndimu na magadi.

Mimi nikacheka. "Mama Neema, nyumba inanuka kachumbari!"

Akaanza kuloweka maganda ya nanasi kwenye maji na sukari guru, anafunika ndoo, anayaacha wiki nenda wiki rudi mpaka yachache. Kisha anachuja, anatia kwenye chupa, anazipanga chini ya sinki. Jamani, ile kitu inang'arisha vigae! Majirani wakaanza kuomba. Mwenye gesti mmoja wa barabara ya Dodoma akaagiza ya kusafishia vyumba vyote. Mke wangu akawa anatembea kifua mbele.

Sasa Jumamosi moja, mke na mtoto wako sokoni, baba mkwe huyo! Mzee wa milimani Uluguru, mkulima wa kabichi, Mkatoliki wa kila Jumapili, ila glasi haimpiti.

"Shikamoo baba, karibu."

"Marahaba, mkwe." Akakaa, akanusa hewa. "Mbona jikoni kwako kunanukia pombe?"

Hapo ndipo ningesema, "Hapana baba, ni dawa ya choo." Maneno sita tu! Lakini ndani hamna soda wala bia, na mzee huyu tangu nimuoe binti yake hajawahi kunisifia hata kwa bahati mbaya.

Nikachukua glasi.

Akapiga funda. Akafumba macho.

"Kali kidogo," akasema, "lakini ina adabu. Nani kapika?"

"Mimi mwenyewe, baba."

Ole wangu!

"Kumbe binti yangu kaolewa na mwanaume!" Akaongeza glasi, akaongeza tena, akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Kisha akasema, "Kesho tuna ubatizo wa mjukuu. Nijazie dumu niwapelekee wazee."

Nikajaza. Chupa zote zikabaki tupu.

Alipoondoka ndipo nikakumbuka mzigo wa gesti. Badala ya kumsubiri mke wangu nikiri, nikakimbia dukani, nikanunua dawa kali ya choo, ile isiyo na lebo. Nikaizimua kwa maji, nikatia chai ya rangi ifanane, nikazijaza zile chupa na kuzirudisha chini ya sinki. Nikajiona mjanja!

Kesho yake tumetoka kanisani, mke wangu akaingia kusugua bafu. Neema anacheza mlangoni, maana mama yake alijua ni maganda ya nanasi tu.

Nikasikia kikohozi. Kisha kifua cha mtoto kikaanza kupiga filimbi.

Sijui nilifikaje pale. Mke wangu macho yanamchuruzika, mtoto anahangaika kutafuta hewa. Tukambeba mbio hadi zahanati. Wakamvukiza dawa, na polepole pumzi ikatulia.

Mke wangu akaketi kwenye benchi, analia. "Nimetengeneza kwa mikono yangu mwenyewe! Baba Neema, nimemdhuru mwanangu!"

Na mimi nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilimwacha alie kwa kosa langu.

Simu yake ikaita. Alikuwa baba yake, na sauti yake ilisikika benchi zima.

"Muulize mumeo kaweka nini kwenye pombe yake ya nanasi! Huku wazee tunapigana vikumbo chooni. Hata katekista yuko migombani!"

Mke wangu akanigeukia taratibu. "Pombe gani ya nanasi?"

Nikatapika yote, mpaka chai ya rangi.

Hakunigombeza. Neema aliporuhusiwa, akambeba mgongoni, akapanda naye milimani kwao. Gesti nao wakapata mtu mwingine.

Niliwafuata na sukari na khanga, nikapiga magoti mbele ya wazee.

"Sema mwenyewe, ilikuwa nini?" akauliza baba mkwe.

"Dawa ya kusugulia choo, wazee wangu."

Kisha shangazi wa mke wangu akasema, "Ndiyo maana tumetakata!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Baba mkwe hakucheka. Mke wangu naye hakucheka.

Amerudi, namshukuru Mungu. Ila siku hizi kabla hajafungua chupa yoyote ndani ya nyumba yake, anainusa kwanza, huku ananitazama. Na baba mkwe akija kutusalimu, anakuja na maji yake.

Wanaume wenzangu, mke akihangaika kwa ajili ya afya ya watoto, usimcheke. Na ukikosea, sema hapo hapo, aibu ikiwa bado changa. Mimi nilitaka kusifiwa na mkwe, na aliyelipa ni mtoto mwenye pumu.