Maji Yasiyonywewa na Ng'ombe

Yule mtaalamu nilimchukia kabla hajafungua mdomo. Alishuka kwenye gari na buti mpya za mpira, akatazama saa, na wazee wamesimama pale mbele yake hakusema hata shikamoo. Alikuwa anapima hatari ya taka za dhahabu katika vijiji vya Tarime na Serengeti, na chetu alikitengea asubuhi moja tu. Mimi, mwalimu wa shule ya msingi, nilipewa kazi ya kumtafsiria Kikurya.

Miaka ile kila mwenye mikono alikuwa mchimbaji. Juu ya bonde letu walisaga mawe, wakaosha dhahabu kwa zebaki, na udongo uliobaki wakaumwaga ukingoni mwa kijito. Mvua ikinyesha, ulishuka nayo. Ng'ombe wetu walikunywa chini kidogo ya hapo. Mama yangu alichota hapohapo, yeye na wanawake wote wa ukoo.

Mtaalamu alisema chupa zake za kupimia ni chache, kwa hiyo angechukua tu maji yanayotumiwa na watu au mifugo. Kwingine kote angepaka kijani kwenye ramani, maana yake hakuna hatari. Tulipofika kijitoni akauliza, "Haya yanatumika?"

Nilimtafsiria baba mkubwa, msemaji wa ukoo. Akageuka kwanza kutazama upande wa zizi letu, nami nilijua kwa nini. Wiki ileile wakwe kutoka Nyanungu walikuwa wanakuja kukagua ng'ombe wa mahari ya kaka yangu. Wakwe wa kwetu hawapokei ng'ombe kwa kuona haya. Wanapapasa mbavu, wanafunua meno, wanahoji majirani. Wakisikia zizi lile linanywa zebaki, binti anabaki kwao, na habari inaenea hadi vijiji vya Susuni kabla ya wao kufika nyumbani. Mitamba wetu wawili walikuwa wametupa mimba mwezi uliopita, na hakuna aliyethubutu kulitaja nje ya boma.

"Mwambie hakuna anayeyagusa," baba mkubwa akasema kwa Kikurya. "Sisi na ng'ombe wetu tunatumia maji ya lambo."

"Na alama hizi za kwato?" mtaalamu akauliza. Tope lote lilikuwa limevurugwa, na kinyesi kibichi kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye buti zake.

"Za ng'ombe wa wezi. Wanapitishwa hapa kwenda Kenya."

Nikatafsiri. Nilingoja yule bwana acheke, akasirike, afanye lolote la mtu mwenye macho. Akaandika! Msomi mzima aliruka kinyesi ili apate mahali pakavu pa kuandikia uongo. Akanipa fomu nitie saini kama mkalimani, nikatia. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilisahau kuwa na hasira na mkono wangu.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tuliumbuliwa na karatasi.

Wakwe walikuja, wakapapasa, wakaridhika. Kaka yangu akaoa, na baba mkubwa akajisifu kwa kila aliyepita. Mwaka uliofuata kukaitishwa mkutano wa kijiji. Mwekezaji alikuwa amepata kibali cha kuchimba bwawa la kumwagia mabaki ya sianidi, juu kabisa ya kijito chetu. Wanawake walipiga kelele. Baba mkubwa akasimama, fimbo mkononi, akanguruma kwa Kikurya kwamba ng'ombe wake wote wanakunywa pale, na watoto wetu wanakunywa pale, na anayetaka bwawa aanze kwa kumzika yeye.

Ofisa aliyeleta habari hiyo hakubishana. Alifungua faili, akasoma kwa Kiswahili cha haraka: chanzo hiki hakitumiwi na watu wala mifugo, kwa maelezo ya wazee wenyewe. Kisha akasoma jina la mkalimani.

"Amesema nini?" baba mkubwa akaniuliza, mbele ya watu wote. Kiswahili hakukizungumza, lakini alikielewa vya kutosha kujua amesema nini.

Nikamtafsiria neno kwa neno, na jina langu nikalitaja kwa sauti. Alikaa chini. Hakusema kwamba maneno yale ni yake, wala mzee mwingine yeyote hakusema. Wanawake wakanigeukia mimi. Mama yangu alikuwa amekaa safu ya mbele, ndoo tupu kati ya miguu, kwa kuwa alipanga kupitia kijitoni akitoka mkutanoni.

"Wewe," akasema, "ulikuwa unaninywesha maji yale ukijua yana sumu?"