Mama Aliyekuja na Lori

Juzi nilikuwa nakwenda msibani Ruangwa. Gari liliposimama Nachingwea, nikasikia mtoto akilia kwenye mlango wa chekechea, mama yake anaondoka. Kichwa kikaanza kuniuma palepale. Kilio kile nakijua, rafiki yangu. Nilikibeba mgongoni msimu mzima.

Ilikuwa miaka ile Wazungu walipokuja kulima karanga hapo hapo Nachingwea, kwetu. Mama alipata kazi ya kufua nguo kambini kwao, na kila asubuhi lori liliwachukua wafanyakazi njia panda. Wenzangu wakicheza rede, mimi niliachiwa mdogo wangu, ndiyo kwanza anaanza kusema.

Bibi alitaka mama aondoke kwa kujificha. Mimi nimlishe mtoto uji wa mtama jikoni, mama apite nyuma ya nyumba. Ikawa balaa. Akigeuka asimwone mama, analia mpaka uji unamtoka puani. Baadaye akaukataa na uji wenyewe, maana alishajua unaleta nini. Mama akienda msalani tu, kamng'ang'ania nguo. Nilimwimbia, nikamsagia karanga, nikamfinyangia ng'ombe wa udongo, vyote alitupa. Na bibi ananilaumu kwamba sijui kubembeleza.

Jirani yetu, mama mmoja mfinyanzi wa vyungu, alichoshwa na kelele zile. Akamwambia mama, "Usimkimbie. Muage, akuone unapanda. Na jioni dada yake amlete akuone unashuka."

Bibi akanuna. Asubuhi ya kwanza mtoto alinipiga mateke, akaning'ata bega. Jioni nikambeba mpaka njia panda, nimejaa hasira. Lori likaja na vumbi lake, mama akashuka akinukia sabuni. Mtoto hakulia. Alimtazama mama, akalitazama lori, akamtazama tena mama.

Tangu hapo asubuhi alilia kidogo tu, na mchana kutwa aliniuliza, "Lori?"

"Litarudi," namjibu, mpaka mdomo unachoka.

Kisha karanga zikashindikana, kambi ikafungwa. Mama akawa anashinda nyumbani. Jioni ilipofika mdogo wangu akalia, anataka njia panda. Tukamwonyesha mama, huyu hapa, hakukubali. Mwishowe mama mwenyewe akambeba, wakaenda kukaa kando ya barabara, wote wawili, kungoja lori lililozoea kumleta mama. Mimi nikabaki uani sina kazi, nimekasirika bila kujua nimkasirikie nani.

Siku hizi pale njia panda ni mikorosho mitupu, na wote wawili wametangulia. Hata lile vumbi nililolichukia, sina wa kulikumbuka naye.