Kutu Katika Chungu cha Bi Sikudhani

Juzi mkwe wangu alinunua kikaango kizito cha chuma huko mjini, akakipaka mafuta ya nazi na kukiweka motoni kitupu, ili kizoee moto. Mimi nilikuwa nimeketi barazani nachambua mchele. Harufu ya chuma kilichopata moto, na mafuta yanayoanza kutoa moshi, iliponifikia, mikono yangu ilisimama juu ya ungo. Nikamwita, "Mwanangu, hebu kitoe kwanza." Akakimbilia kuniletea maji, akidhani kifua kimenibana. Nilikuwa mzima. Ilikuwa ni aibu tu, aibu ya tangu utotoni, na kwa kuwa wahusika wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, leo nitawasimulia.

Tulikuwa tukikaa kijiji kimoja nje kidogo ya Kisarawe, wakati wa Mwingereza, miaka michache baada ya vita ya pili. Baba alilima mihogo na mpunga, na kiangazi kikiingia alishika njia ya Gwata na Magindu kununua mbuzi wa kuja kuuza huku kwetu. Mama alipika kwa vyungu vya udongo, kama wanawake wote wa kijiji chetu. Alikuwa navyo vinne, kila kimoja na kazi yake: cha bada, ule ugali wetu wa muhogo, cha wali, cha mboga, na kile kidogo chenye ufa mdomoni cha kuchemshia dawa. Chungu kipya alikipikia uji kwanza, akakisugua kwa majani ya muhogo, akakiweka motoni polepole huku akikisemesha. "Ukikiharakisha kinakupasukia," alikuwa akiniambia, "kama mtu tu."

Kiangazi kimoja baba alirudi kutoka Gwata na mbuzi sita na mke. Mbuzi tulikuwa tukiwategemea. Mama alikuwa amekwisha kuambiwa habari za mke, lakini mimi, mtoto wa miaka tisa, hakuna aliyeona haja ya kuniambia. Nilimwona mwanamke mrefu, mwembamba, akija nyuma ya mbuzi, na kichwani amejitwika chungu cheusi tii chenye miguu mitatu. Watu walitoka majumbani kutazama. Bibi harusi hawakumwangalia sana. Waliangalia chungu, maana kilikuwa cha chuma kitupu, kinene, na kifuniko chake kililia kama kengele alipokitua uani.

"Shikamoo dada," alimwambia mama, akipiga goti.

"Marahaba. Karibu," mama akajibu. Kisha akaingia ndani, akakaa humo mpaka jioni.

Huyo ndiye Bi Sikudhani. Baba alimjengea kibanda mkabala na nyumba yetu, ua ni ule ule mmoja, na zamu zikawa siku mbili kwa mama, siku mbili kwake. Alikuwa mpole, msemaji mdogo, na Mungu anisamehe, ningependa angekuwa mkorofi. Mtu mkorofi unamchukia ukalala usingizi.

Kilichoniumiza kilianza na ukoko. Chungu kile kiliivisha wali kwa namna ambayo vyungu vyetu havikuweza. Alitia makaa juu ya kifuniko, akakaa kando akisuka ukili, na alipopakua, ukoko ulibanduka mzima kama sahani, rangi ya asali, umelowa tui. Aliuvunja vipande, akawaita watoto. Mdogo wangu Chausiku, ambaye nilikuwa nimembeba mgongoni tangu hajaweza kukaa, alikuwa wa kwanza kufika. Alirudi na midomo inang'aa mafuta, akaketi mbele ya chungu cha mama, akachungulia.

"Mama, mbona ukoko wetu sisi mweusi?"

Mama alicheka. Alicheka kwa meno tu.

Baba naye, siku moja akila kwetu, akilamba vidole, alisema bila kufikiri, "Kunde za kule zinaiva upesi." *Kule* penyewe palikuwa hatua ishirini. Mama akasema, "Hewala." Usiku ule sikuzila kunde zetu, nami nilikuwa na njaa.

"Asha, njoo nawe ule," Bi Sikudhani aliniita mara nyingi. Nilimjibu kila mara kwamba nimeshiba. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba, nikisikia watoto wakitafuna, *kra, kra*, na mate yananijaa kinywani kwa chuki. Nilimwonea wivu Chausiku kwa kula, nikamwonea wivu Bi Sikudhani kwa kuwa na Chausiku, na nikakionea wivu chungu, kitu kisicho na roho, kwa kuwa kila mtu alikisifu na hakuna aliyemsifu mama. Wahenga walisema wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Mimi nilikonda kwelikweli, mpaka mama akanipa dawa ya minyoo.

Bi Sikudhani alikitunza chungu chake kama mtoto mchanga. Hakukisugua kwa mchanga hata siku moja. Alikisuuza kwa maji ya moto, akakikausha motoni, akakipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa. Watoto tulipomuuliza, alisema, "Huyu hapendi vitu viwili: mchanga, na kulala na maji." Wenzangu walisahau papo hapo. Mimi niliyaweka maneno yale.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, habari zilikuja kwamba shangazi yake amefariki kule Gwata. Baba akamsindikiza msibani, na siku zile zilikuwa za zamu ya mama. Mama alisimama mlangoni mpaka walipopotea, akaingia ndani, akasema kichwa kinamuuma.

Nilingoja jua lipande. Chungu kilikuwa kimefunikwa kando ya mlango wa kibanda. Nilikivuta mpaka nyuma ya nyumba yetu, penye mgomba, nikachota mchanga na majivu, nikakisugua kwa kumbi la nazi. Nilisugua mpaka mikono ikachubuka. Weusi ule ulitoka taratibu, kama gamba, na chini yake chuma kikaonekana kijivu, kama mtu aliyevuliwa nguo. Hapo niliogopa kidogo, lakini sikuacha. Nikakijaza maji, nikatia chumvi na ndimu mbili, nikakirudisha mahali pake na kukifunika vizuri.

Walikaa msibani siku nne. Jioni waliyorudi, Bi Sikudhani alikwenda kufunua chungu apike. Sikusikia ukelele. Alikibeba kwa mikono miwili, akakitua katikati ya uwanja, mbele ya baba aliyekuwa akitawadha, akasimama. Kilikuwa chekundu ndani na nje, na maji yaliyobaki yalikuwa kama ya kichuguu kilichonyeshewa.

Baba alikitazama, akamtazama mama. "Mama Asha, ndiyo nini hii?"

"Sijui."

"Hujui? Mwenzio katoka kuzika. Hana ndugu hapa, hana mtoto. Unamfanyia hivi?"

"Wallahi, mkono wangu haukukigusa," mama akasema.

"Basi kimejijaza maji chenyewe!"

Bi Sikudhani alizungumza kwa sauti ndogo. "Bora ungenipiga, dada."

Nami nilikuwa pale, nimemshika Chausiku mkono. Nilijiambia nitasema kesho.

Baba aliapa kwamba hatakula kwa mama mpaka aombe radhi. Mama akakataa. Ikawa kila siku ya zamu yake anapika kama kawaida, anatenga chakula cha baba, anakifunika kawa, na asubuhi anawamwagia kuku. Kuku wetu walinenepa. Kisimani wanawake walinyamaza mama alipofika, wakaanza kucheka alipoondoka. Mwanamke mmoja alisema tusikie, "Siku hizi hata chuma kinalogwa." Mama alijitwika ndoo yake akaenda, shingo imenyooka, na mimi nyuma yake natembea nikijikwaa.

Siku ya nane nilimkuta akifunga nguo zake ndani ya kanga.

"Nakwenda Maneromango kwa kaka yangu," alisema. "Baba yenu akitaka talaka, ataileta huko."

"Na sisi?"

"Ninyi mtabaki na baba yenu kwanza."

Chausiku akauliza, "Nani atatupikia?"

Mama aligeuza uso, akatazama kibanda cha upande wa pili.

Nilitoka mbio. Bi Sikudhani alikuwa ameketi chini, chungu kiko mapajani, anakifuta kutu kwa kitambaa chenye mafuta, vidole vyote vyekundu. Nilisahau hata kumwamkia.

"Ni mimi," nilisema. "Mama hakukigusa. Nilikisugua mimi, nikatia chumvi na ndimu."

Kitambaa kilisimama. Alinitazama muda mrefu, kama anayesoma maandishi madogo.

"Nani alikutuma?"

"Hakuna."

"Kwa nini, Asha?"

Nilitafuta jibu la heshima nikalikosa. "Kwa sababu Chausiku anakuja kula kwako."

Nilidhani atanipiga kofi. Badala yake alianza kusimulia, hanitazami, anakisemesha chungu. Mume wake wa kwanza alikuwa mfanyakazi wa reli kule Magindu, na chungu alikipata kambini. Alipofariki, ndugu zake walikuja wakagawana vitu, kitanda, mikeka, cherehani, hata jembe lake yeye mwenyewe Sikudhani. "Chungu kilikuwa motoni, kina kunde zinachemka. Kila aliyekishika kilimuunguza, wakakiacha. Nikatoka nacho kichwani, mwanamke mzima, sina mtoto wala jembe." Akakipitishia tena kitambaa. "Nikiwaita ninyi mle, sikuwa nawaiba. Nilikuwa nataka nisikie kelele za watoto."

Aliinuka, akanishika mkono, akavuka uwanja pamoja nami. Baba alikuwa chini ya upenu. Mama alitoka mlangoni, furushi la nguo mkononi. Bi Sikudhani alipiga magoti mbele yake, mchangani, na mikono ile ile myekundu.

"Dada, nisamehe. Nimekudhania ubaya. Ni mtoto ndiye aliyefanya."

Baba aliruka, akachomoa fimbo darini. Hapo mama alitupa furushi chini, akasimama kati yangu na fimbo.

"Huyu hapigwi," alisema.

"Ametaka kuvunja nyumba!"

"Nimesema hapigwi. Ukitaka, nipige mimi."

Sikuwahi kumsikia akisema na baba hivyo. Baba alishusha fimbo. Baadaye, jua lilipokuchwa, alikuja kuketi kwenye mkeka wetu, akakohoa mara tatu, akauliza kama kuna chochote. Mama akamwekea bada la mchana lililopoa, gumu kama tofali. Baba alilimaliza lote.

Kabla ya hapo, fimbo iliposhuka, mama alimwinua Bi Sikudhani, akamwambia yameisha. Lakini hakumtazama usoni. Nilidhani ni kiburi cha mke mkubwa.

Adhabu yangu ilitolewa na Bi Sikudhani mwenyewe: kila jioni niende nikakipake chungu mafuta na kukikausha motoni, mpaka kiwe cheusi tena. Ilichukua muda wote wa mvua za masika. Wali wa kwanza ulitoka na rangi ya kutu na ladha ya msumari, tukaula hivyo hivyo tukikunja nyuso. Wa kumi ulitoka mweupe. Siku ukoko ulipobanduka mzima, alinivunjia kipande cha kwanza, nami sikusema nimeshiba. Hata nilipoolewa, mkono wangu wa kupika wali ambao watu waliusifu ulikuwa wake.

Mama naye alibadilika. Bi Sikudhani alipougua homa, mama alimpikia uji siku zote alizolala, na akiwa na kipande cha samaki kizuri alimpelekea. Watu wakasema, tazameni wake wenza wanaopendana. Mimi nilijua kuna kitu hakikukaa sawa, maana mama alikuwa akitoa kama mtu anayelipa, lakini sikujua analipa nini.

Nilijua nikiwa na wajukuu. Bi Sikudhani alikuwa amefariki wiki ile, na mama, mzee sana, haoni vizuri, alikuwa ameketi nami baada ya hitima. Ghafla akasema, "Ile siku uliyosugua kile chungu, nilikuona."

Nikafikiri uzee. "Ulikuwa umelala, mama. Kichwa kilikuuma."

"Nilikuwa kwenye dirisha la nyuma. Nilikuona toka mwanzo. Ningekuita mara moja ungeacha." Alijifuta macho kwa ncha ya kanga. "Sikukuita. Nikasema moyoni, acha asugue."

Siku zote nilidhani alinikinga na fimbo kwa kunipenda. Alinipenda, ndiyo. Lakini nilipokumbuka alivyosimama pale, na yule mwanamke amempigia magoti akimwomba msamaha, nilielewa kwa nini aliinamisha macho, na kwa nini alimwambia baba ampige yeye. Alikuwa akisema kweli, nasi sote tukadhani ni maneno ya uchungu wa mzazi.

"Ulimwambia?" nilimuuliza.

"Kila nilipompelekea chakula nilikwenda kumwambia," mama akasema. "Akinikaribisha, nashindwa."